Uzi maalumu: Naijenga manowari SMS Königsberg kwa skeli 1:100, ikiwa imejificha kwenye mikoko ya Rufiji

NahodhaWaMezani (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Kwenye uzi wa ndege za kuchonga niliahidi kuleta mradi wa manowari. Ndio huu. Ni SMS Königsberg (SMS ni kifupi cha Kijerumani kinachotangulia jina la manowari zao, kama HMS kwa Waingereza), meli ya Wajerumani iliyojichimbia Rufiji ikafia hukohuko, na naijenga ikiwa ndani ya diorama, yaani mandhari ndogo ya kuigiza, yenye mto, tope na mikoko.

Kwa wasioijua, kwa ufupi. Iliteremshwa majini Kiel Desemba 1905, ikaanza kazi 1907, ikafika Dar es Salaam Juni 1914 chini ya Kapteni Max Looff. Vita ilipoanza ilikuwa tayari imetoka bandarini. Tarehe 20 Septemba 1914 ikaizamisha HMS Pegasus pale Zanzibar, wakati meli hiyo ya Waingereza imesimama kwa matengenezo. Mitambo yake yenyewe nayo ikawa hoi, ikarudi delta kujificha. Waingereza wakaigundua mwishoni mwa Oktoba, na Novemba 10 wakaizamisha makusudi meli ya makaa iitwayo Newbridge ili kuziba njia ya kutokea. Königsberg ikakaa humo hadi Julai 1915.

Sasa skeli. Meli halisi ilikuwa na urefu wa mita 115.3, upana mita 13.2, na ilizama majini mita 5 na ushee. Kwa 1:100, mita moja ni sentimita moja, basi, hakuna kikokotoo. Kuna watakaosema 1:350 ndiyo ya wastaarabu. Kwa 1:350 meli hii ina sentimita 33, na mti wa mita 15 unakuwa milimita 43. Utapata kimeli kizuri chenye vichaka pembeni. Mimi nataka mtu akisimama mbele ya meza aelewe kwa nini ndege zilihitajika kuitafuta meli yenye urefu wa zaidi ya uwanja wa mpira.

Kitu kimoja nakisisitiza kwa yeyote anayetaka kufanya kazi ya namna hii: kabla hujakata ubao, chagua siku. Diorama nyingi za manowari zinaniudhi kwa sababu meli ni ya mwaka mmoja, rangi ya mwaka mwingine, na watu wamesimama kana kwamba wanapigwa picha ya harusi. Königsberg ya Juni 1914 na ya Juni 1915 ni bodi moja lakini si meli moja. Ya kwanza ni safi, milingoti mirefu, mabaharia wote wapo. Ya pili imekaa mtoni miezi, milingoti ya juu imeshushwa, matawi yamefungwa juu, makaa ni ya kuhesabu, malaria inatembea, na sehemu ya mabaharia wamepelekwa nchi kavu kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Mimi nimechagua Juni 1915, asubuhi, maji yanakupwa, monita za Waingereza (meli za kina kifupi zenye mizinga mikubwa) bado hazijaingia. Kila swali linalokuja, kuanzia kutu hadi nguo za kuanika, linajibiwa na siku hiyo.

Nitaendelea na bodi.

Kijana_wa_Gerezani

Naweka kambi hapa mkuu. Picha tafadhali, maneno matupu hayavunji mfupa.

NahodhaWaMezani

Picha zitakuja kwa awamu, mtandao wangu leo unasuasua.

Bodi. Tahadhari kwanza kuhusu michoro. Ukiandika jina la meli hii kwenye intaneti, nusu ya utakachopata ni Königsberg nyingine. Ipo iliyoteremshwa Desemba 1915 ikapewa jina la marehemu, na ipo ya 1927 yenye minara mitatu ya mizinga mitatumitatu, iliyozamishwa Bergen 1940. Ukiona mnara wa mizinga, funga ukurasa, hiyo si yetu. Ya kwetu ilikuwa na mizinga 10 yenye tundu la sentimita 10.5, kila mmoja na ngao yake: miwili mbele bega kwa bega, miwili nyuma hivyohivyo, na mitatu kila ubavu. Hata michoro ya wenzake wa kundi moja, Nürnberg, Stuttgart na Stettin, usiichukue kichwakichwa. Hizo zilikuwa ndefu zaidi kwa kama mita moja na nusu, na Stettin ilikuwa na injini za tabo (turbini) wakati wengine walikuwa na za pistoni.

Mkuku (uti wa mgongo wa meli) ni plaiwudi ya milimita 9, mataruma (mbavu zake) ni plaiwudi ya milimita 6, moja kila sentimita 5, na katikati kwenye kiuno cha meli nimeyasogeza mbali kidogo kwa sababu ubavu pale hauna mkunjo wa maana. Juu yake vipande vyembamba vya paini, gundi nyeupe ya seremala, halafu bodifila ile ya mafundi rangi wa magari, msasa, bodifila tena, msasa tena. Sehemu ya omo ndiyo inayopima uvumilivu. Pua ya meli hii inaingia ndani kwa juu na kutoka mbele kwa chini majini, mtindo wa enzi za kugongana, na ubao hautaki kupinda pande mbili kwa pamoja. Pale nimeweka kipande kizima cha mti laini na kukichonga.

Kwa kuwa meli itakaa ndani ya maji, chini ya mstari wa maji sijajenga kitu zaidi ya sentimita moja. Hakuna rafadha, hakuna usukani. Wanaopenda kuonyesha tumbo la meli wajenge meli ya kabatini.

Mabamba ya chuma nimeyaigiza kwa makopo ya soda. Kopo linakatwa, linanyooshwa, linapanguswa kwa msasa laini ili rangi ishike, kisha linabandikwa kwa gundi ya dakika moja, kila bamba likipanda kidogo juu ya mwenzake. Ukipaka rangi ya kijivu na mwanga ukapiga kwa ubavu, unaona viungo bila kuchora mstari hata mmoja. Ribiti sijaziweka. Kwa skeli hii ribiti halisi ingekuwa sehemu mbili au tatu za kumi za milimita, na wanaoziweka kwa kawaida wanazifanya kubwa mpaka meli inaota chunusi.

Printa_Mkononi

Mkuu hongera. Ila mizinga 10 inayofanana kwa mkono ni adhabu ya nini? Chora mmoja, printa ya 3D ikutolee kumi usiku mmoja ukiwa umelala.

NahodhaWaMezani

Tunakubaliana nusu. Vitako, ngao na magurudumu madogo ya kulengea nimetoa kwa printa, maana hapo usawa ndio kila kitu. Mtutu hapana. Mtutu wa mzinga ule ulikuwa na urefu wa mara 40 ya tundu lake, yaani mita 4.2, kwangu sentimita 4.2. Kijiti cha rezini (plastiki ya majimaji inayoganda) cha urefu huo kwa joto la Dar kinalegea na kuinama. Nimetumia sindano za hospitali, mpya, za saizi mbili, nyembamba ikiingia ndani ya nene. Zina tundu tayari, ni chuma, zimenyooka. Tundu la mzinga linatakiwa milimita 1.05 na sindano nene ya mifugo inakaribia kabisa. Duka la pembejeo za kilimo halijui linauza vifaa vya modeli.

Kwa kamba na nyaya za redio, nywele za rasta. Msicheke. Uzi mmoja wa nywele bandia hauzidi sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo kwa skeli ni kamba ya sentimita moja, na hauna manyoya kama uzi wa cherehani. Mshipi mwembamba wa kuvulia unafaa kwa nyaya nene zinazoshika mabomba ya moshi. Ukishafunga, pitisha ubani unaowaka kwa mbali chini yake, unajikaza wenyewe. Njiti ya kiberiti ni kali mno, inakata.

Mabomba ya moshi ni matatu, bati jembamba limeviringishwa kwenye bomba la PVC kisha bomba likachomolewa. Yasiwe gogo. Mtu akichungulia kwa juu lazima aone giza na masizi.

Vizuizi vya sitaha ni kazi ya kuchosha na sina la kuwafundisha zaidi ya hili: ubao wenye misumari kwa vipimo, waya unapita, unalehemu, unachomoa. Pande zote mbili ni kama sentimita 230. Ukiweka nguzo kila sentimita moja na nusu, ni zaidi ya nguzo 150.

Kijana_wa_Gerezani

Sasa hapo sijaelewa. Unahangaika na nguzo 150 halafu unakuja kuifunika meli kwa matawi?

NahodhaWaMezani

Swali zuri. Matawi yanapanda kwenye milingoti na yananing'inia sehemu chache za sitaha, hayafuniki kila kitu. Na ukiificha meli isiyokamilika, jicho linajua. Linapita kwenye nafasi kati ya majani, linakuta ubao mtupu, mchezo umekwisha. Upande wa ukingoni nimeufanya mzito wa majani, upande wa mtoni mwepesi. Anayetaka kuona mizinga atazame kutoka mtoni, kama walivyotazama Waingereza, ila karibu zaidi.

Mwanadelta

Mwanzisha uzi, nimekulia Delta, kijiji sitaji. Kabla hujaanza miti nisikilize, maana nimeona diorama za Wazungu zenye mikoko ya kule kwao kwenye filamu, mti mmoja umerudiwa mara mia.

Kwetu kuna aina nyingi na kila moja ina mahali pake. Mlilana unasimama mbele, karibu na bahari, ndio unaopokea mawimbi. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayotoka juu na kuinama kama miguu ya kaa, unapenda kingo za mifereji. Msinzi uko nyuma yake. Mchu unatoa vijiti kutoka ardhini, vimesimama wima kwenye tope, mamia chini ya mti mmoja. Mkandaa ni mfupi. Ukipanda juu ya mto maji yanapopungua chumvi, unakutana na mkomafi wenye matunda makubwa ya duara na msikundazi. Meli yako haikuwa mlangoni kwenye mawimbi, ilikuwa imeingia ndani kule Salale. Kwa hiyo mlilana acha, weka mkoko ukingoni, nyuma changanya.

Jambo la pili ambalo hakuna anayeliweka. Tazama mikoko maji yakiwa yamekupwa: majani yote yanaishia kwenye mstari mmoja kwa chini, umenyooka kana kwamba mtu amepita na mkasi. Hapo ndipo maji ya bamvua yanapofika. Chini ya mstari huo ni mizizi na tope tu, hakuna jani.

NahodhaWaMezani

Mkuu Mwanadelta, huu mchango nimeuchapisha na kuubandika ukutani. Huo mstari wa majani ni dhahabu, kwa sababu unampa mtazamaji kina cha maji bila kumwandikia. Nimechagua maji yanakupwa, sasa kila mti utakuwa na sehemu tatu: majani, mizizi iliyokauka, na mizizi ya chini bado imelowa, rangi ya giza yenye mng'ao wa vanishi.

Namna ninavyotengeneza. Shina na mizizi ya mkoko ni waya wa shaba wa ndani ya kebo za umeme, nyuzi kadhaa zimesokotwa pamoja, chini zinafumuliwa na kuinamishwa kuwa mizizi, juu zinafumuliwa kuwa matawi. Zinapakwa gundi nyeupe iliyochanganywa na unga wa mbao. Miti ni kati ya sentimita 10 na 20. Jani la mkoko lina sentimita 10 hivi, yaani milimita moja kwangu, na kitu cha milimita moja chenye umbo la jani nimekipata jikoni: majani makavu ya mlonge, yamevunjwavunjwa, hayajasagwa unga. Yanapuliziwa rangi ya kijani kwanza, la sivyo baada ya muda yanakuwa ya kahawia. Vijiti vya mchu ni nyuzi za brashi ya kufulia, zinachomekwa kwenye tope moja moja kwa kibano, ukiwa umezima feni.

Tope ni udongo wa mfinyanzi uliochekechwa, gundi na rangi ya maji. Ukikauka unapasuka, kwa hiyo tabaka nyembamba juu ya foronya kuukuu iliyolowekwa kwenye gundi. Baadhi ya nyufa naziacha pale juu ambako maji hayafiki kila siku.

Maji sasa. Sinia langu, yaani ubao unaobeba diorama yote, ni sentimita 160 kwa 80. Ukitaka kumwaga rezini ya kina cha sentimita moja eneo lote, unahitaji lita 12.8 kabla ya kuondoa meli na kingo, na bei yake mnaijua. Lakini Rufiji si Nungwi. Maji yake ni ya tope, huoni chini. Kwa hiyo kina hakina faida. Nimepaka ubao wa MDF rangi ya kahawia ya maziwa yenye chai, nikaweka mikondo ya rangi nzito na nyepesi kufuata maji yanavyotoka kwenda baharini, na juu yake rezini ya milimita 3 tu, kwa tabaka. Tabaka nene linachemka lenyewe na kuvuta kingo. Mwaga asubuhi kabla joto halijapanda, na viputo vipitie kwa moto wa kiberiti cha gesi kwa mbali. Kwenye mnyororo wa nanga weka kijikunjo cha maji kinachoonyesha mkondo unakokwenda. Bila hicho meli inakuwa imebandikwa mezani.

Rangi ya meli ni kijivu kilichopauka, kutu chini ya matundu ya nanga na mifereji ya maji ya sitaha, na ukanda wa kijani wa mwani kwenye mstari wa maji. Na kwa kuwa makaa yalikuwa yamepungua, nimeipandisha milimita chache ili rangi nyekundu ya chini ichungulie.

Binti_Utete

Nimesoma kimya mpaka hapa. Kazi ni nzuri, sina ubishi. Ila niulize: watu wetu wako wapi? Boila za meli hiyo zilipoharibika vipuri vyake vilikokotwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa na kurudishwa. Nani alivuta? Na baada ya meli kulipuliwa, mizinga yote 10 ilitolewa ikapelekwa vitani. Nani alibeba? Diorama yako ina mikoko ya kila aina, na mabaharia weupe wanaanika mashati.

Printa_Mkononi

Tusilete siasa kwenye uzi wa modeli jamani.

Binti_Utete

Si siasa kaka. Mwenye uzi ndiye aliyesema kila swali lijibiwe na siku. Nami nimeuliza siku hiyo watu wa Rufiji walikuwa wapi.

NahodhaWaMezani

Dada yuko sahihi kuuliza, na amenishika kwa sheria yangu mwenyewe.

Vipuri vya boila vilikwenda Dar es Salaam mwaka 1914. Mizinga iliondolewa baada ya Julai 11, 1915. Siku yangu iko katikati, kwa hiyo hayo mawili hayaingii kwenye sinia kubwa. Kinachoingia ni kazi ya kila siku: mitumbwi inayoleta chakula, watu wanaokata boriti na kuni, wapagazi kwenye njia ya ukingoni, askari wa doria. Bila wao mabaharia wale wasingekula. Nimetenga ukingo mzima wa kushoto kwa ajili hiyo, na mtumbwi wa kwanza tayari ni wa mti mmoja uliochongwa, sentimita 6, mpiga kafi amesimama nyuma. Mtu kwa skeli hii ana milimita 17. Uso hauchongeki, lakini mgongo unachongeka: aliyebeba mzigo kichwani ananyoosha shingo, anayevuta kamba anaegemea mbele hadi kisigino kinainuka. Hayo yanaonekana hata kwa milimita 17. Mifupa ni waya, nyama ni puti ya epoksi.

Na mizinga nitaifanyia sinia la pili, dogo, sentimita 40 kwa 30, halina meli kabisa. Mtutu mmoja uliozidi tani, njia ya tope, na safu ya watu kwenye kamba. Nadhani likikaa kando ya lile kubwa litalizidi.

Binti_Utete

Hapo sawa. Wanawake wasikose, mtu alipika.

Mwanadelta

Na mtumbwi wako usiuelekeze kinyume na mkondo katikati ya mto, maji yanakupwa. Mwenye akili anapita kandokando.

NahodhaWaMezani

Nimeusogeza kandokando.

Kijana_wa_Gerezani

Mkuu, sentimita 160 kwa 80, mlango wa chumba chako una upana gani?

NahodhaWaMezani

Haha. Mlango ni sentimita 80 na fremu imo humohumo. Sinia limegawanywa vipande viwili vya sentimita 80 kwa 80, vinaunganishwa kwa boliti kwa chini, na meli inachomoka kwa skrubu tatu kutoka kwenye kitanda chake. Kila kipande kinatoka kwa ubavu, kimesimama. Kiungo kwenye maji kimepita chini ya bodi ya meli kadiri ilivyowezekana, na kwenye kingo nimekificha kwa mizizi. Ukitaka kujenga kitu kikubwa, pima mlango kabla ya kupima meli.

Kilichobaki ni mizinga ya sinia la pili, na hapo naomba msaada wenu. Ipo mizinga ya Königsberg iliyosalia, mmoja uko Fort Jesus Mombasa na mwingine Pretoria, kwenye Union Buildings. Baada ya kutolewa melini mizinga ile ilitengenezewa magari ya magurudumu ili ivutwe vitani, kwa hiyo kitako cha melini hakinisaidii humo. Ninachohitaji ni sehemu ya nyuma ya mtutu, pale kombora linapoingizwa. Aliye Mombasa akipita Fort Jesus, naomba picha ya upande wa kushoto, kwa usawa wa mzinga na si kwa juu, na aweke rula au hata simu kando yake ili nipate kipimo.

Mpwani001

Niko Mombasa. Jumamosi napita huko na watoto. Unataka kwa milimita au nikupe kwa vidole?